Mtu Aliye Ndani ya Kisanduku cha Pampu

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana hapa Madogo. Wengi ambao hawakuweza kufika waliomba yaandikwe, nasi tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.



Mlituita tuwaambie ni nini kilichoipata pampu yetu ya sola. Tutawaambia, na hatutaficha kitu, maana wako hapa watu wa vikundi vinavyotaka kununua. Lakini hatuwezi kueleza habari ya pampu bila ya kueleza habari ya profesa mmoja wa Marekani, mzaliwa wa India, ambaye hadi juzi juzi hata jina lake hatukulijua. Mtuvumilie. Mwishoni kuna ombi, na ombi lenyewe ni la pesa, kwa hiyo msiondoke mapema.

Tuanze na pampu. Miaka mingi tulimwagilia kwa mashine ya dizeli kama ninyi nyote. Ndizi, embe, tikiti, nyanya. Si mnajua habari yake: mafuta yakipanda bei, shamba linakauka na mto unapita pale pale ukikutazama. Hata miradi ya serikali iliumia. Mradi wa Bura ulitegemea pampu kubwa za dizeli pale Nanigi, na gharama ya kupandisha maji ikawa mzigo usiobebeka. Sisi watu wa jembe ni nani? Basi tukachanga, tukauza na mbuzi wa kikundi, tukanunua paneli, pampu, na kile kisanduku kinachokaa katikati ambacho mafundi wanakiita inverta.

Miezi saba maji yalitoka bila tone la mafuta. Mwezi wa nane, saa saba mchana, jua la Madogo mnalolijua, kisanduku kikatoa harufu ya plastiki inayoungua, kikanyamaza. Duka lililotuuzia likasema garanti haihusu joto. Fundi wa kwanza akachukua nauli yake, akakigongagonga, akasema, "Hii imekufa, nunueni nyingine." Hatutalitaja duka wala fundi. Hatukuja hapa kugombana na mtu, na tena mtaona mbele kwamba na sisi tulikuwa na makosa yetu.

Mama mmoja wa kikundi chetu ana binti anayesoma umeme katika chuo cha ufundi. Alipokuja likizo akaomba ruhusa akifungue. Wazee walisita. Ati msichana, na kitu cha bei kama kile! Mama yake akasema, "Kimeshakufa, atakiua mara ya pili?" Basi akafungua kwa bisibisi, akatuonyesha kipande cheusi, bapa, kidogo kuliko kiberiti, kimekazwa kwa skrubu juu ya bamba nene la aluminiamu lenye mapezi kama ya samaki. Kilikuwa kimepasuka katikati. Akasema, "Hiki ndicho kilichoungua. Vingine ni vizima." Kinaitwaje? Jina lake ni refu, kwa kifupi ni herufi nne, IGBT. Mzee mmoja akauliza swali ambalo wengine hatukulifikiria: "Na ni nani aliyekitunga?" Binti hakujua. Akarudi chuoni akatafuta, akatuletea karatasi. Ndizo hizi tulizoshika.

Jina ni B. Jayant Baliga. Alizaliwa Madras, India, tarehe 28 Aprili 1948, akakulia Jalahalli karibu na Bangalore. Tuseme ukweli hapa, maana watu hupenda hadithi za maskini aliyepanda juu: huyu hakutoka nyumba ya njaa. Baba yake alikuwa injinia, na umeme ulikuwa ni mazungumzo ya nyumbani. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1969 katika Taasisi ya Teknolojia ya India pale Madras. Kisha akavuka bahari kwenda chuo cha Rensselaer katika jimbo la New York, akapata shahada ya pili mwaka 1971 na udaktari mwaka 1974, chini ya mwalimu aitwaye Sorab Ghandhi. Miaka mitano ya ugenini na baridi, kusoma tu.

Mwaka huo wa 1974 akaajiriwa na kampuni ya General Electric, katika maabara yao ya utafiti mjini Schenectady. Akawekwa upande wa vifaa vya umeme mkubwa, vya mota na mitambo. Wengi wa rika lake walikuwa wakitazama kompyuta. Yeye akakaa na mota.

Mwaka 1979 mkubwa mmoja wa kampuni alileta shida yake maabara. Mota za mashine za kupasha na kupoza nyumba zilikuwa zikienda kwa mwendo mmoja tu, kasi yote au kuzimwa. Umeme mwingi ulikuwa ukipotea bure. Alitaka njia ya kuupunguza na kuuongeza mwendo wa mota, na kifaa cha kufanya hivyo kwa bei nafuu hakikuwapo.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penyewe. Umeme wa paneli ni kama wa betri, unakwenda upande mmoja. Mota ya pampu kama yetu inataka umeme unaokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mara hamsini kwa sekunde ikiwa mwendo ni kamili. Ndani ya kisanduku mna vizuizi vinavyofungua na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde, vinaukata ule umeme wa moja kwa moja na kuupanga upya uwe wa kwenda na kurudi. Jua likipungua, kisanduku kinapunguza kasi ya kwenda na kurudi, na pampu inakwenda polepole badala ya kusimama. Ndiyo maana asubuhi mapema maji hutoka membamba, halafu yananenepa kadiri jua linavyopanda.

Tena iko hesabu ambayo binti alitufanyia kwa kijiti mchangani. Ukishusha mwendo wa pampu hadi nusu, maji hupungua hadi nusu. Lakini nguvu inayotakiwa haishuki hadi nusu, inashuka hadi fungu moja katika manane! Hapo wazee wote waliinama kutazama mchanga. Ila msishangilie sana, kwa sababu nguvu ya kuyarusha maji juu nayo inashuka hadi robo. Ukiwa na tangi refu na kingo za mto ni ndefu, nusu mwendo haitafikisha maji. Mwenye kuuza hatakuambia hilo. Pima kwanza kimo cha kutoka majini hadi tangini, na ukipime wakati mto umeshuka, sio wakati umejaa.

Sasa vile vizuizi. Kabla ya Baliga vilikuwako vya aina mbili vilivyotumika sana kwa kazi kama hii. Transista ya zamani ilibeba umeme mwingi, lakini kuifungua kulitaka umeme mwingi pia. Ni kama lango la mfereji linalotaka wanaume sita kulivuta. Aina mpya zaidi, MOSFET, ilifunguka kwa nguvu ndogo sana, mtoto angeweza kulivuta lango lake, lakini ukiifanya iwe ya kuhimili volti nyingi inakuwa nyembamba kwa umeme unaopita, inachemka na kupoteza. Baliga alifanya nini? Akaziozesha. Katika kipande kimoja cha silikoni akaweka lango la mtoto juu ya mfereji wa watu sita.

Kulieleza ni rahisi, kulitenda kulikuwa kazi. Ugonjwa mkubwa wa ndoa hiyo ulikuwa kwamba kifaa kikishawaka kilikuwa na tabia ya kukataa kuzimika. Fikirini lango lililokwama wazi wakati wa mafuriko. Wataalamu wengi waliamini hakitafaa kwa sababu hiyo hiyo. Jack Welch, aliyekuja kuwa mkuu wa kampuni nzima mwaka 1981, alielezwa akatoa ruhusa, na kifaa kikatengenezwa kwa mitambo ya kiwanda iliyokuwapo. Mwezi wa Desemba 1982 Baliga na wenzake wanne wakakitangaza katika mkutano wa wataalamu mjini San Francisco.

Wenzake wanne, tumesema. Na nje ya kampuni hiyo walikuwako wengine. Becke na Wheatley wa kampuni ya RCA waliomba hati ya ugunduzi wa kitu cha namna hiyo mwaka 1980. Mjapani Nakagawa wa Toshiba mwaka 1984 alionyesha namna ya kukitengeneza kisikwame kabisa. Kwa hiyo ukisikia mtu mmoja ndiye baba wa kitu, uliza wajomba ni akina nani. Hilo halimpunguzii Baliga. Yeye ndiye aliyekishikilia tangu wazo hadi kikafika sokoni.

Halafu lilitokea jambo ambalo sisi tunaliona ndilo kubwa katika maisha yake, ingawa karatasi zinalipita mbio. Mwaka 1988 General Electric iliuza kiwanda chake cha vifaa hivi kwa kampuni nyingine. Mtu amefanya kazi miaka kumi na minne, amefika ngazi ya juu, na kazi aliyoijenga inauzwa chini ya miguu yake. Angeweza kutafuta mshahara mkubwa mahali pengine. Akaenda kufundisha. Agosti 1988 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, mjini Raleigh. Mwaka 1991 akaanzisha pale kituo cha utafiti wa vifaa vya umeme mkubwa, ambapo viwanda vilikuwa wanachama, vikichangia pesa na kupata matokeo. Kwa lugha yetu ni chama. Mmoja peke yake hawezi kulipa mtafiti, wakichanga kumi wanaweza.

Pale alifundisha na kuandika vitabu, na vitabu vyake vinasomwa katika nchi nyingi. Mwaka 1982 alikuwa amekwisha kuandika hesabu ya kuonyesha ni madini gani yangeshinda silikoni kwa kazi hii, wakati madini yenyewe yalikuwa hayapatikani kwa usafi uliotakiwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1992, yeye na mwanafunzi wake Bhatnagar wakaonyesha kifaa cha silikoni kabaidi. Na silikoni kabaidi ni nini? Ni kitu kile kile cha mawe ya kunolea yanayotengenezwa viwandani, ya kunolea panga, ila kimesafishwa hadi kikawa kama kioo. Leo kimo ndani ya magari ya umeme. Tazameni miaka: hesabu kwanza, mwanafunzi baadaye, soko mwisho kabisa.

Heshima zilikuja polepole. Chuo cha taifa cha mainjinia wa Marekani kilimchagua mwaka 1993. Oktoba 2011 alivishwa nishani ya taifa ya teknolojia na Rais Barack Obama, yule ambaye ukoo wake ni wa Kogelo na sote tulikesha redioni usiku wa kura zake. Mwaka 2014 alipata nishani kubwa ya chama cha mainjinia wa umeme duniani. Na tarehe 30 Oktoba 2024, mjini Tampere nchini Finland, akapewa tuzo ya milenia ya teknolojia, yuro milioni moja. Alikuwa na umri wa miaka 76. Kazi aliifanya akiwa na miaka thelathini na kitu.

Mtasema haya yote ni ya ng'ambo ya bahari. Basi vukeni daraja tu. Tarehe 13 Desemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alifungua mtambo wa sola wa Garissa, wa megawati 50, wenye paneli zaidi ya laki mbili na inverta zaidi ya elfu moja. Inverta za namna hiyo kwa kawaida hufanya kazi kwa vizuizi vya ukoo huu huu tunaousema. Umeme wa jua la Garissa hauwezi kuingia katika waya wa taifa bila ya kukatwa na kupangwa upya kwanza. Na kile kipande kilichopasuka mikononi mwa binti yetu ni ndugu yao mdogo.

Kwa nini kilipasuka? Hapa ndipo penye makosa yetu. Kipande kinapofungua na kufunga hutoa joto, na yale mapezi ya aluminiamu ni ya kulitoa joto hilo hewani. Sisi tulikipigilia kisanduku juu ya ukuta wa mabati unaotazama magharibi, jua la mchana lote likakipiga. Halafu, ili kukilinda na vumbi, tukakifunika gunia! Mapezi yalikuwa ndani ya gunia. Binti aliuliza, "Nani alifunika?" Tukatazamana. Tulikuwa tumekiua wenyewe kwa kukipenda.

Kwa hiyo wenye visanduku, mwondoe magunia leo. Kijengeeni kivuli cha makuti kisichogusa kisanduku, upepo upite. Mapezi yasafishwe kwa brashi kavu. Na kiwekeni juu. Novemba 2023 maji yaliikata barabara pale Kona Punda. Mwishoni mwa Aprili 2024 yakaikata tena, watu wakavuka kwa boti, na wengine wetu hawakufika ng'ambo. Alama ya maji iko kwenye kuta zetu, kila mtu anaijua ya kwake. Kisanduku kikae juu ya alama hiyo. Na mkimwita fundi wa sola, mwulizeni leseni ya EPRA kabla hajashika bisibisi.

Binti aliagiza kipande kutoka Nairobi, akakifunga, na pampu inafanya kazi hadi leo. Kipande kiligharimu pungufu ya nauli tuliyomlipa yule fundi wa kwanza. Tunasema tena, pungufu ya nauli.

Sasa ombi. Mlipokuwa mkijiandikisha mlangoni tuliwauliza kila kikundi kina kisanduku au hakina. Vikundi vilivyoko hapa vina visanduku saba. Vinavyofanya kazi ni vinne. Vitatu vimelala stoo, na huenda havina ugonjwa mkubwa kuliko wetu. Binti amebakiza mihula mitatu, basari aliyopata imekwisha, na mama yake hana kitu cha kuuza isipokuwa ng'ombe mmoja anayewanyonyesha wadogo zake. Tunaomba vikundi saba tuchange karo hiyo, kila kikundi fungu lake, kama vile viwanda vilivyochangia kituo cha profesa.

Tulipolileta jambo hili kwanza katika kikundi chetu, mzee mmoja alisimama. Ni mzee tunayemheshimu, yeye ndiye aliyeuliza nani alikitunga kile kipande. Alisema: "Huyo profesa wenu alisoma kwa jasho la India. Je, alirudi India?" Tukamjibu ukweli, hakurudi. Alikwenda mwaka 1969, na kazi yake yote aliifanyia Marekani. Mzee akasema, "Basi na huyu binti ataolewa Nairobi au aende Arabuni, na ninyi mtabaki na risiti."

Hatukuwa na jibu zuri, na hatuna hadi sasa. Mmoja wetu alisema kwamba kazi ya profesa ilirudi hata kama yeye hakurudi, kwa kuwa pampu za India leo zinazunguka kwa kifaa chake kama zetu. Mzee akasema kifaa kurudi si sawa na mtu kurudi, kifaa hakizungumzi na wewe kikiharibika. Ni kweli. Mama wa binti alikaa kimya muda wote. Mwishowe akasema kwamba hawezi kuahidi kwa niaba ya mtoto. Anachoweza kuahidi ni kwamba kabla ya kumaliza chuo, kila likizo binti atafungua visanduku vya vikundi, na atafungua mbele ya vijana wawili wa kila kikundi ili waone kwa macho. Akiondoka, awe ameacha watu kumi na wanne wanaojua kipande cheusi ni kipi.

Mzee aliposikia hivyo alikaa chini. Hakusema ndiyo. Alisema mjukuu wake ni mmoja wa hao wawili.

Hayo ndiyo tuliyokuja nayo. Baada ya mazungumzo, vikundi vinne vilitia sahihi siku hiyo hiyo, na pesa za awali zimepelekwa chuoni, risiti iko kwa mweka hazina. Vikundi viwili vimeomba vingoje mavuno ya embe. Kimoja kimekataa, kikasema kitanunua kisanduku kipya. Visanduku vitatu vilivyolala viletwe kwetu Jumamosi ya kwanza ya likizo, asubuhi kabla ya jua kali, na kila kikundi kije na vijana wake wawili na bisibisi yake.